Matangi mawili: shajara ya mradi wa asidi ya bahari, Jinja

Februari, mwanzo wa muhula

Tumepewa stoo iliyo nyuma ya maabara ya kemia. Ina meza ndefu ya saruji, soketi moja ya umeme inayofanya kazi, na dirisha linalotazama Ghuba ya Napoleon ya Ziwa Victoria, hapa Jinja, Uganda. Inatutosha. Humu ndimo klabu ya sayansi itakapojenga maonyesho kuhusu jinsi binadamu anavyobadilisha asidi ya maji ya bahari, pwani na huko mbali kwenye bahari kuu. Maandishi yote yatakuwa ya Kiswahili, na kazi iwe tayari siku ya wazazi mwishoni mwa muhula wa pili.

Walimu wenzangu wameuliza kwa nini tuhangaike na bahari, wakati Mombasa iko takribani kilomita 1,000 kutoka hapa. Nimewajibu kwamba moshi wa Jinja na Kampala hauna mpaka. Hewa ukaa ikishatoka kwenye injini au tanuru huchanganyika na ya dunia nzima, na takribani robo ya ile inayotolewa na binadamu huishia baharini. Tena ghuba hii inayoonekana dirishani inapokea maji machafu, mbolea na udongo kama ghuba nyingi za pwani zinavyopokea. Mwanafunzi anayeishi Masese au Walukuba, mitaa ya hapa Jinja, ana mengi ya kumweleza mtu wa pwani.

Kuhusu lugha, Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu wanakutana nacho kwenye insha na mashairi. Nataka wakikute pia kikizungumza kemia bila kuona haya.

Februari, mwishoni

Leo ilikuwa zamu ya hesabu za pH, namba inayoonyesha ukali wa asidi. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Ugumu wake kwa msomaji wa kawaida ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi, na namba ikishuka ndipo asidi inapopanda. Kabla ya enzi ya viwanda, maji ya juu ya bahari yalikuwa na wastani wa pH wa karibu 8.2. Sasa ni karibu 8.1. Niliandika namba hizo mbili ubaoni na hakuna aliyeshtuka.

Tukazigeuza ziwe ioni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji zinazoyapa maji asidi, tukazihesabu kwa nanomoli, kipimo cha wingi wa chembe. Nanomoli 6.3 kwa lita zimekuwa nanomoli 7.9. Hilo ni ongezeko la zaidi ya robo. Msichana mmoja wa kidato cha pili akarudia hesabu yake, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe hiyo desimali moja imebeba robo nzima!" Basi ubao wa kwanza utaanza na nanomoli, na pH itafuata chini yake kwa maandishi madogo.

Jambo jingine lililozua mjadala ni jina lenyewe. Maji ya bahari bado yako juu ya 7, yaani upande wa besi, kinyume cha asidi, na hakuna anayetarajia yageuke siki. Tunaposema asidi inaongezeka, tunazungumzia mwelekeo wa safari. Nimewaambia wanafunzi waliandike hilo kwa herufi kubwa, kwa sababu mzazi atakayeondoka akidhani bahari inaunguza ngozi atakuwa amepotoshwa, na sisi ndio tutakaokuwa tumempotosha.

Machi, kutengeneza maji

Maji ya bahari tunayatengeneza wenyewe. Msingi ni gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Kijana mmoja mwenye ndugu Kasese alijitolea kuagiza chumvi ya Katwe, na wazo lake lilitupa somo zuri ingawa chumvi hiyo hatutaitumia. Ziwa Katwe lina chumvi nyingi kuliko bahari, lakini pH yake iko karibu 10 kwa wingi wa kaboneti, chumvi zinazopunguza asidi. Chumvi peke yake haielezi chochote kuhusu asidi. Kinachoamua ni kile kilichoyeyuka pamoja nayo.

Tukalijaribu hilo kwa chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na maji na chumvi ya mezani tu. Ya pili ilikuwa vilevile, ila tuliongeza bikaboneti ya sodiamu, ile ya kupikia inayouzwa madukani, takribani gramu 0.2 kwa lita, kiasi kinachokaribia uwezo wa maji ya bahari kuizuia asidi. Wanafunzi wakapuliza pumzi kwa mirija katika chupa zote mbili. Ya kwanza iliporomoka hadi chini ya 5. Ya pili ilishuka pia, lakini ikasimama juu ya 6 na haikutaka kwenda zaidi.

Ilinibidi niwazuie kidogo hapo, maana furaha ya kuona bahari ikijitetea ilikuwa inawapeleka kwenye hitimisho lisilo sahihi. Utetezi huo una gharama. Hewa ukaa ikiingia majini hutengeneza asidi ya kaboniki, na asidi hiyo huachia ioni za hidrojeni. Ioni hizo hukamata ioni za kaboneti na kuzigeuza bikaboneti. Ndiyo maana pH haiporomoki. Lakini ioni za kaboneti zilizokamatwa ndizo zilezile ambazo chaza, kauri na matumbawe huzihitaji ili kujenga magamba na mifupa yao ya chokaa. Bahari inajitetea kwa kutumia matofali ya wakazi wake.

Kwa tangi lenyewe tumeongeza kalsiamu kloridi na magnesiamu salfeti. Hewa ukaa inatoka kwenye dumu la sukari na hamira, kupitia mpira mwembamba. Sukari ni ya Kakira, kwa hiyo hata gesi yetu ina asili ya hapa Busoga.

Machi, kuhusu kipimo

Kipimo cha pH cha shule tunakisawazisha kila asubuhi kwa myeyusho wa 7 na wa 10. Mtengenezaji anasema kinaweza kukosea kwa 0.1 juu au chini. Nimewaomba wanafunzi walifikirie hilo vizuri, kwa kuwa 0.1 ndiyo tofauti yote ya bahari kuu tangu enzi za injini za mvuke. Kifaa chetu hakiwezi kuona kitu hicho. Walioweza kukiona walilazimika kupima mahali pamoja, kwa njia ileile, kwa uangalifu mkubwa, miaka nenda miaka rudi. Kituo cha ALOHA, mahali pa utafiti baharini kaskazini mwa Hawaii, kimekuwa kikipimwa hivyo tangu 1988, na rekodi yake inaonyesha pH ikishuka kwa karibu 0.002 kila mwaka. Jirani yake, juu ya mlima Mauna Loa, Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa ya angani mwaka 1958. Hewa hiyo imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Ukiweka michoro ya mahali hapo pawili pamoja, mmoja unapanda na mwingine unashuka, na huhitaji mtu wa kukueleza uhusiano wao.

Hiyo ndiyo bahari kuu. Mabadiliko ni madogo, yanakwenda upande mmoja, na chanzo kimoja kinatawala.

Aprili, ziwani

Hatukuwaruhusu wanafunzi kuingia majini kwa sababu ya kichocho. Tulikodi mtumbwi kwenye mwalo wa Masese, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na mzee mwenye mtumbwi akatupeleka mahali ambapo maji yana rangi ya kijani hata kwa mbali.

Saa kumi na mbili asubuhi kipimo kilisoma 7.4. Saa tisa alasiri, mahali palepale, kilisoma 8.9. Kosa la 0.1 la kifaa halikuwa na maana yoyote hapo.

"Mwalimu, maji yaleyale?" mzee aliuliza.

"Yaleyale, mzee."

Akatikisa kichwa, kisha akatueleza kwamba asubuhi baada ya usiku usio na upepo, samaki huonekana juu wakihema, hasa karibu na magugu maji. Alichokuwa anakieleza ni upande wa pili wa kipimo chetu. Mchana mwani hunyonya hewa ukaa kwa ajili ya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na pH hupanda. Usiku mwani, bakteria na samaki wote hupumua, hewa ukaa hurudi majini, oksijeni hupungua, na pH hushuka. Mahali palipo na mbolea na maji machafu mwani ni mwingi zaidi, kwa hiyo kupanda na kushuka huko ni kukubwa zaidi.

Jinja ina rekodi ndefu ya mambo haya. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa hapa mwaka 1947, na vipimo vya maji vilivyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilikuja kuwa kipimo cha kulinganishia. Miongo mitatu baadaye, uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umeongezeka takribani mara mbili, na maji ya chini yasiyo na oksijeni ya kutosha yalikuwa yameenea. Hakuna mlima wa moto uliofanya hivyo. Ni kilimo, miji na kuni zilizokatwa kandokando ya ziwa.

Jioni nilibaki stooni peke yangu na daftari la vipimo. Katika siku moja ghuba ilitembea hatua 1.5 za pH, na bahari kuu imetembea 0.1 kwa zaidi ya karne mbili. Maonyesho yakiyaeleza haya mawili kwa mchoro mmoja, mgeni ataamini moja kati ya mambo mawili yasiyo kweli: kwamba pwani inaharibika kwa kasi mara kumi na tano, au kwamba badiliko la bahari kuu ni dogo mno lisistahili kujadiliwa. Kuanzia leo mradi una matangi mawili.

Mei

Likizo. Mlinzi wa shule anaongeza sukari kwenye dumu kila Jumatatu. Nimemwachia maelekezo, na ameyafuata vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi.

Juni, tangi la pwani

Tangi la pili lina maji ya ziwa. Hatuna mwani wa baharini, na mwani wa ziwa hauishi kwenye chumvi, kwa hiyo ubao utasema waziwazi kwamba haya ni maji baridi yanayoonyesha kazi ileile inayofanyika pwani. Utaongeza pia kwamba uwezo wa Ziwa Victoria kuzuia asidi haufiki nusu ya ule wa bahari, ndiyo maana maji yetu yanayumba zaidi kuliko ya pwani ya kweli.

Tulitia mbolea ya NPK, chembe chache tu. Maji yaligeuka kijani, na mchana wa jua pH ilipita 9.5. Kisha tukalifunika tangi kwa turubai ili mwani ufe. Chini ya tangi, mahali uozo ulipojikusanya, pH ilishuka ikakaribia 7 na harufu ikatufukuza chumbani. Hivi ndivyo inavyotokea katika Ghuba ya Mexico, nje ya mdomo wa mto Mississippi. Naitrojeni ya mashamba ya Marekani inalisha mwani juu, mwani unakufa na kuzama, na maji ya chini yanapungukiwa oksijeni na kuongezeka asidi kwa wakati mmoja. Hewa ukaa ya angani inajumlishwa juu ya ile ya uozo.

Wiki nzima klabu imekuwa ikikusanya mikono mingine ya binadamu inayogusa pwani, na nakiri ubao huu ndio ninaoupenda kuliko yote.

Nile, mto unaopita mbele ya shule yetu, ni mfano mmoja. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kuzuia mafuriko ya Nile mwaka 1964 na likakamilika 1970. Mafuriko yale yalikuwa yakibeba rutuba hadi pwani ya Misri. Yalipokoma, mwani wa pwani ulipungua na uvuvi wa dagaa wa huko ukaanguka. Miaka ya 1980 uvuvi ulianza kurudi, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mbolea za mashamba na maji taka ya miji ya Misri vilichukua nafasi ya rutuba ya mafuriko. Kila badiliko la rutuba ni badiliko la usanisinuru na upumuaji, na kwa hiyo la pH. Maji yetu ya Jinja yalifikaje huko zamani na yanafikaje sasa? Machache sana yanafika. Hilo nalo ni tendo la binadamu.

Mito huleta pia kinga. Mississippi hubeba bikaboneti nyingi zaidi kuliko zamani, kwa sababu mashamba ya bonde lake yanatiwa chokaa na maji mengi zaidi yanapita kwenye udongo. Katika Bahari ya Baltiki ongezeko la aina hiyo limepunguza makali ya asidi kwa kiasi kinachopimika. Kwingineko ni kinyume. Vinamasi vya pwani ya mashariki mwa Australia vilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, udongo wenye salfaidi (misombo ya salfa) ulikutana na hewa ukatengeneza asidi ya salfuriki, na mvua ikaisukuma mitoni hadi kuua samaki. Wanafunzi wanaopita kinamasi cha Nakivubo wakienda Kampala wanajua jinsi ardhi oevu inavyogeuzwa viwanja, ingawa udongo wa huko una historia yake.

Na kuna mimea ya bahari yenyewe. Katika ghuba ya Chwaka, Unguja, watafiti walionyesha kwamba nyasi za bahari huinua pH mchana kiasi cha kuusaidia mwani wenye chokaa uliopo kati yake kujenga haraka zaidi. Mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, nayo hupeleka baharini maji yenye nguvu ya kuzuia asidi. Kukata mikoko au kung'oa nyasi kunabadilisha pH ya mahali hapo hata kama hakuna bomba lililoelekezwa baharini.

Julai, kauri

Kauri ni ganda la chokaa ya aina ya aragonaiti, ile inayoyeyuka upesi kuliko kalsaiti, aina nyingine ya chokaa. Hapa Uganda haihitaji utangulizi: ilitoka Bahari ya Hindi ikawa fedha ya Buganda na majirani zake hadi enzi ya ukoloni. Tulinunua chache sokoni, zile zisizopakwa vanishi. Mwanafunzi mmoja alileta kauri za jjajja yake (ndivyo tunavyomwita babu au bibi), zimefungwa kwenye kitambaa cha gome. Hizo hazitaguswa na maji. Zitakaa kwenye kioo chao, na jjajja amealikwa siku ya wazazi.

Mwalimu mwenzangu alipendekeza siki, kwa kuwa ganda likitiwa humo hutoa mapovu mara moja na watoto hushangilia. Nimekataa. Siki ina pH ya chini ya 3, na hakuna bahari itakayofika huko. Tumeweka kauri kwenye tangi la hamira, nyingine kwenye maji ya bahari yasiyotiwa gesi, na tunazipima kwa mizani ya maabara. Za kwanza zimeanza kupungua uzito, kidogo kidogo, na uso wake umepoteza mng'ao. Za pili hazijabadilika.

Bado hizi ni kauri zilizokufa. Kwa kiumbe hai, tatizo huanza mapema zaidi, wakati anapojenga. Kwenye kituo cha kuzalisha chaza cha Whiskey Creek, jimbo la Oregon, mabuu ya chaza yalikufa kwa wingi kuanzia 2007. Pepo za pwani ile huvuta juu maji ya kina yenye hewa ukaa nyingi kwa asili yake, na sasa yanabeba pia sehemu iliyoongezwa na binadamu. Wafanyakazi walianza kupima maji kabla ya kuyaingiza na kuyatia sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo kiungo kikuu cha magadi tunayolainishia maharage. Uzalishaji ukarudi. Ghuba iliyo nje ya ukuta wa kituo haikupata dawa hiyo.

Kijana wa kidato cha tatu akauliza swali nililokuwa nikilisubiri. Kama viumbe wa pwani wamezoea kuyumba kwa pH kila siku, hiyo 0.1 ya bahari kuu itawafanya nini? Nimejibu kwa mchoro. Wimbi la kila siku linapanda na kushuka, lakini sakafu yake yote inateremka. Saa mbaya ya alfajiri inakuwa mbaya zaidi na inadumu muda mrefu zaidi. Zaidi ya hapo, kadiri maji yanavyomeza hewa ukaa ndivyo uwezo wake wa kuzuia asidi unavyodhoofika, kwa hiyo wimbi lenyewe linapanuka. Hayo mawili yanaongezeana nguvu. Tumeuchora mchoro huo kwa chaki ya rangi ukutani, na utabaki hapo.

Agosti, siku ya wazazi

Watu walikuwa wengi kuliko nafasi ya stoo. Wanafunzi walisimama zamu kwenye kila tangi, na nilifurahi kusikia "ioni za kaboneti" na "usanisinuru" vikitamkwa bila kusitasita. Jjajja aliwaeleza watoto idadi ya kauri zilizokuwa zikitolewa kwa mbuzi kama alivyosimuliwa na wazee wake, na foleni ikasimama kabisa kwa muda.

Mzee wa Masese alikuja na kofia yake nzuri. Alisimama muda mrefu mbele ya tangi la pwani, akauliza, "Sasa, Mwalimu, tukizuia maji machafu yasiingie ghubani, bahari ile nyingine itapona?"

Nilimwachia msichana wa kidato cha pili ajibu. "Hapana, baba. Bahari kuu itatulia watu wakipunguza kuchoma mafuta na makaa, hakuna njia ya mkato. Lakini ghuba ikisafishwa itapata nafuu katika miaka michache, hata kabla mambo ya huko mbali hayajatengemaa."

"Basi kuna kazi mbili," akasema mzee, na wakaendelea kuzungumza kuhusu mitaro ya Walukuba hadi mlango ulipofungwa.

Kwa muhula wa tatu matangi yote mawili yanabaki. Kauri zitapimwa tena Oktoba na Novemba. Elektrodi ya kipimo imechoka na tunatafuta nyingine. Mzee amekubali kutupeleka ghubani kila mwezi, alfajiri na alasiri, mahali palepale, na daftari la vipimo litakuwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha pili ili warithishe watakaowafuata.